Macho Mekundu Katika Picha za Simu

(Maneno ya somo la redio kwa watu wazima, kama yalivyosomwa.)

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo bila shaka umeliona mara nyingi, lakini pengine hukupata mtu wa kukueleza sababu yake. Ni usiku wa arusi, au watu wa nyumbani wamekaa sebuleni baada ya chakula. Mmoja atoa simu yake, apiga picha kwa flashi, na mkiitazama mnaangua kicheko: bibi arusi ana macho mekundu kama makaa ya moto!

Wengine hawacheki. Utasikia mtu akinong'ona kwamba mwenye macho yale hakulala, au amelewa, au ana jambo ndani yake. Maneno hayo si ya kupuuzwa. Katika sehemu za Usukuma wako wanawake wazee waliopata kuteswa, na hata kuuawa, kwa kushukiwa uchawi, na moja katika dalili zilizodaiwa ilikuwa wekundu wa macho, wekundu ulioletwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Wekundu wa pichani si ule wa moshi, wala haudumu. Waonekana kwa nukta moja tu, flashi inapowaka, nao hutokea hata katika macho mazima kabisa. Basi afadhali tujue sababu yake, kisha tujue namna ya kuuondoa. Na mwisho nitakuomba ufanye jambo moja kabla hujauondoa, hasa ikiwa aliyepigwa picha ni mtoto mdogo.

Tuanze na nyumba. Simama nje mchana, utazame dirisha dogo la nyumba ya jirani. Utaona nini? Utaona weusi mtupu, hata kama kuta za ndani zimepakwa chokaa nyeupe. Chumba si cheusi. Ila mwanga unaotoka dirishani kuja kwako ni mdogo sana. Sasa njoo usiku na tochi. Ukiishika tochi karibu na uso wako na kuielekeza dirishani, utauona ukuta wa ndani na rangi yake. Lakini mpe mwenzako tochi ile, nawe ujitenge hatua kumi kando: yeye ataona ukuta ulioangazwa, wewe utaona weusi ule ule wa mchana, au kasoro yake ndogo.

Jicho ni chumba cha namna hiyo. Ile doa nyeusi katikati ya jicho, ambayo twaiita mboni, si kitu cheusi. Ni tundu, ndiyo dirisha la chumba. Ukuta wa nyuma una utando mwembamba unaopokea mwanga, jina lake retina, na nyuma ya utando huo iko ngozi laini iliyojaa mishipa midogo ya damu. Mwanga ukiingia kwa nguvu, sehemu yake hugonga ukuta huo na kurudi njia ile ile uliyoingilia. Unaporudi umekwisha kupata rangi ya damu. Kwa hiyo wekundu unaouona pichani si rangi ya uso wa jicho. Kamera imechungulia dirishani na kuuona ukuta wa ndani.

Jambo hili halikugunduliwa na wapiga picha. Mwaka 1851 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alieleza chombo alichokitengeneza cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kabla yake waganga walikuwa wakiinama mbele ya mgonjwa na kuona weusi tu, maana kila mara kichwa cha mganga kilikinga mwanga wake mwenyewe. Helmholtz alitumia kioo ili mwanga uingie katika jicho la mgonjwa kwa njia ile ile ambayo mganga anatazamia. Mara moja weusi ukawa wekundu. Hata leo, mganga wa macho akipunguza mwanga chumbani na kummulika mtoto kwa kijitochi chake, kitu cha kwanza anachokitafuta ni wekundu huo, na autafuta katika macho yote mawili. Yashike maneno hayo, “macho yote mawili,” maana tutayarudia.

Sasa, mbona si kila picha ya flashi ina macho mekundu? Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni giza. Mboni hupanuka gizani na kusinyaa mwangani. Juani tundu hilo huweza kuwa na upana wa milimita 2 tu. Gizani, kwa kijana, laweza kufika milimita 7 au 8. Dirisha likiwa wazi namna hiyo, flashi huingia yote kabla jicho halijapata nafasi ya kulifunga. Wazee mboni zao hazipanuki sana, kwa hiyo macho mekundu huwapata zaidi watoto na vijana.

Sababu ya pili ni ujirani wa flashi na lenzi. Kumbuka mfano wa tochi. Wapiga picha wa zamani walikuwa na flashi kubwa yenye sahani ya kung'aa, iliyosimama mbali kidogo na kamera, na mwanga uliorudi kutoka jichoni ulikwenda kwenye flashi, haukuingia katika lenzi. Kisha kamera zikaanza kuwa ndogo. Kodak walitoa kamera zao za Instamatic mwaka 1963, na mwaka 1965 kikaja kile kijisanduku cha taa nne kilichochomekwa juu ya kamera. Ikawa rahisi mno kupiga picha usiku, na macho mekundu yakajaa katika vitabu vya picha vya nyumba nyingi duniani. Dawa waliyoifanya ilikuwa kuuza kijiti cha kuinua zile taa juu zaidi, zitengane na lenzi. Simu ya leo imerudisha ujirani ule, tena kwa kuzidi: geuza simu yako uitazame mgongoni, uone taa na lenzi zilivyokaribiana, pengine si zaidi ya upana wa kidole. Kinachotuokoa ni kwamba taa ya simu ni dhaifu kuliko flashi ya kamera, na simu nyingi huiwasha kwa muda mfupi kabla ya kupiga, ili mboni zisinyae kwanza.

Liko neno moja zaidi juu ya rangi. Watu hawafanani ndani ya jicho, kama wasivyofanana ngozi. Katika macho ya wengi wetu Waafrika ukuta ule wa nyuma una rangi nyingi nyeusi inayomeza mwanga, na wekundu wake hutoka hafifu, wa kahawia au wa chungwa lililoiva, na mara nyingi hauonekani kabisa pichani. Mwenye ualbino hana rangi hiyo ya kutosha, basi kwake wekundu hutoka mkali. Ukimpiga picha ndugu mwenye ualbino katika kundi la watu, yeye peke yake akatoka na macho mekundu, sababu ni hiyo tu, nawe fanya adabu ya kuurekebisha kabla hujaituma picha kwa watu.

Na paka je? Paka, mbwa, mbuzi na ng'ombe wana utando wa kung'aa nyuma ya retina, kama kioo, unaowasaidia kuona usiku. Ndiyo maana macho yao hutoka kijani au manjano, wala hayatoki mekundu kama yetu. Usishangae basi ukitumia programu ya kuondoa macho mekundu kwa picha ya paka wako isifanye kazi. Inatafuta rangi nyekundu, na hapo hakuna.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kinga hapa ni rahisi kuliko tiba. Washa taa za chumba zote kabla ya kupiga, maana kila taa unayoiwasha husinyaza mboni kidogo. Msogeze mtu karibu na dirisha, au karibu na mlango wenye taa. Ukiweza kupata mwanga wa kutosha, zima flashi kabisa. Simu nyingi za miaka hii zina namna ya kupiga picha za usiku bila flashi: simu hukusanya mwanga kidogo kidogo kwa nukta kadhaa, ikapiga picha nyingi na kuziunganisha. Hapo ni lazima ushike simu imara, ukiegemeza viwiko mezani, na unayempiga asicheze. Kwa mtoto wa miaka miwili, namna hii ni kujisumbua bure. Ikiwa flashi haina budi, mwambie mtu asitazame lenzi; atazame sikio lako, au bega la mwenzake. Macho yakigeuka kidogo tu, mwanga unaorudi hupita kando. Tena usirudi nyuma sana. Kadiri unavyokwenda mbali, ndivyo pembe kati ya flashi, jicho na lenzi inavyokuwa nyembamba, na wekundu ndivyo unavyozidi.

Ikiwa picha imekwisha kupigwa, irekebishe. Kwanza kabisa, fanya nakala yake, uiache picha ya asili kama ilivyo. Sababu yake utaiona baadaye. Kisha ifungue nakala mahali pa kuhariri picha. Simu za iPhone zina kitufe cha kazi hii, chenye alama ya jicho lililokatwa na mstari: unakigusa, kisha unagusa kila jicho. Simu zenye programu ya Android hazifanani. Nyingine zina kitufe hicho ndani ya programu yao ya picha, nyingine itakubidi utafute programu ya kuongeza. Ukitafuta, soma kwanza inataka ruhusa gani. Programu ya kurekebisha macho haina haja ya kusoma majina ya watu unaowapigia simu, na ikikuomba hayo, iache. Mwenye kompyuta aweza kutumia GIMP, ambayo haiuzwi, nayo ina chombo cha macho mekundu ndani yake.

Hebu tujue kinachofanyika, maana aliyejua kazi hadanganywi na kitufe. Picha ya simu ni kama mkeka uliosukwa kwa vijidoa vingi sana, na kila kijidoa kina vipimo vitatu: nyekundu, kijani na buluu. Katika mboni nyekundu kipimo cha nyekundu kiko juu sana, viwili vingine viko chini. Programu hutafuta uso, kisha macho, kisha vijidoa vya namna hiyo, na kukishusha kipimo cha nyekundu mpaka kilingane na wenzake. Vipimo vitatu vikilingana vikiwa chini, rangi huwa kijivu cha giza au nyeusi. Basi, hayo tu! Ndiyo maana mara nyingine kitufe hukosea na kutia weusi kwenye mdomo uliopakwa rangi au kwenye kito chekundu cha hereni, ukigusa mahali pasipo pake.

Ukipenda kufanya kwa mkono, ikuze picha mpaka jicho lijae kiooni. Chukua brashi ndogo ya kuondoa rangi, wala si ya kupaka nyeusi. Pita juu ya mboni tu, usiguse duara la kahawia lililoizunguka. Kisha utie giza kidogo. Iko nuru ndogo nyeupe ndani ya jicho, kama tone la maji, hiyo iache. Ni kivuli cha flashi juu ya uso wa jicho, nayo ndiyo inayolipa jicho uhai. Ukiifuta, mtu wako atakutazama kama sanamu ya dukani. Naona wengi huharibu picha zao hapo, kwa kupenda weusi kupita kiasi.

Sasa nakuomba utulie usikilize, maana tumefika kwenye neno nililokuahidi. Kabla hujaufuta wekundu katika picha ya mtoto mdogo, tazama macho yake mawili, ulinganishe. Jicho zima, likipigwa flashi kutoka mbele, hutoa wekundu, au uchungwa, au hubaki jeusi kama nilivyokwisha kusema. Macho yote mawili yakiwa mekundu, hakuna neno. Yote mawili yakiwa meusi, hakuna neno. Lakini jicho moja likiwa jekundu au jeusi, na la pili likiwa na weupe ndani ya mboni, au manjano, kama jicho la paka usiku, hapo usifute kitu. Vivyo hivyo weupe ukionekana katika macho yote mawili. Kumbuka mfano wa chumba: ikiwa badala ya kuona ukuta mwekundu unaona kitu cheupe, basi huenda kiko kitu kimesimama mbele ya ukuta.

Kitu hicho chaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao hata watoto wachanga hupata, na ukichelewa kuondolewa jicho hilo halitajifunza kuona. Chaweza kuwa maradhi mengine ya retina. Na chaweza kuwa saratani ya jicho la watoto, iitwayo retinoblastoma. Saratani hii si ya kawaida: humpata mtoto mmoja katika watoto 15,000 hivi mpaka 20,000 wanaozaliwa, na karibu wote huwa hawajatimiza miaka mitano. Haiambukizwi. Haitokani na flashi ya simu, wala na jicho la hasidi. Huanza kwa hitilafu katika chembe za retina, na mara nyingine hitilafu hiyo hurithiwa, ndipo ndugu wengine wa mtoto hupaswa kupimwa pia.

Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, hutibika. Katika nchi zenye hospitali nyingi na fedha, zaidi ya watoto 95 katika kila 100 huishi. Ikiachwa, hupita kwenye mshipa ule unaounganisha jicho na ubongo, na hapo huua. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2020 ulihesabu watoto 4,351 wa nchi 153. Katika nchi tajiri, nusu ya watoto walikuwa wamekwisha kugunduliwa walipofika umri wa miezi 14 hivi. Katika nchi maskini kabisa, nusu hiyo ilitimia kwenye miezi 30 na kitu, na karibu nusu ya watoto walikuwa na ugonjwa uliokwisha kutoka nje ya jicho. Na dalili iliyowaleta watoto wengi hospitali, zaidi ya sita katika kila kumi, ilikuwa ule ule weupe wa mboni.

Wako wazazi waliouona weupe huo kwanza pichani. Bwana Bryan Shaw, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Baylor huko Marekani, alikuwa na mwana aliyepatwa na ugonjwa huu. Baadaye alirudi kuzitazama picha za nyumbani, maelfu yake, akakuta weupe umeonekana tangu mtoto akiwa na umri wa siku 12, miezi kadhaa kabla ya waganga kuutambua. Yeye na wenzake wakatengeneza programu ya simu ya kutafuta weupe huo. Mwaka 2019 walitangaza kwamba waliijaribu kwa picha za watoto 40, nusu yao wakiwa na ugonjwa wa macho. Katika watoto 16 kati ya hao 20 wagonjwa, programu ilipata weupe katika picha zilizopigwa kabla ya ugonjwa kugunduliwa, kwa wastani wa mwaka mmoja na miezi mitatu au minne. Lakini huhitaji programu ili ufanye uliyoyasikia leo. Wahitaji macho yako na picha isiyoguswa.

Nisikutie hofu bure. Si kila weupe ni ugonjwa. Mtoto akitazama kando kidogo kuelekea upande wa pua, flashi huweza kuangukia mahali mshipa wa jicho unapoingilia, napo pana rangi nyeupe hata katika jicho zima. Basi ukiuona weupe, punguza mwanga chumbani, mweke mtoto mbele yako, apige mtu mwingine kelele nyuma yako ili mtoto atazame mbele, nawe upige picha kadhaa kwa flashi. Zilinganishe na picha zake za miezi iliyopita. Ukiuona tena katika jicho lile lile, usingoje. Tena picha nzuri si hati ya afya: mtoto mwenye makengeza yaliyozuka, au asiyefuata kitu kwa macho, apelekwe kupimwa hata kama picha zake zote zina wekundu ulio sawa. Mimi ni mtu wa elimu, si mganga; nakueleza njia ya kufika kwa mganga tu.

Sasa utaona kwa nini nilikuambia ufanye nakala. Ukiufuta wekundu wa jicho moja, umeufuta ushahidi wa kulinganishia. Zile programu za kupamba nyuso, zinazong'arisha na kutia weusi zenyewe bila kukuuliza, ni mbaya zaidi kwa jambo hili. Hata picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora, na anayeipokea hawezi kuirudisha kama ilivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo picha ya asili ikae katika simu iliyoipiga.

Nenda nayo kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, useme wazi: “Nimeona weupe ndani ya mboni ya mtoto wangu, naomba apelekwe kwa daktari wa macho.” Ukiambiwa ungoje akue, omba tena kwa adabu, uombe barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Tanzania wako waganga wa kazi hii Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi. Kenya wako katika hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Uganda iko hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara. Huko watamtia mtoto dawa ya kupanua mboni, ile ile kazi inayofanywa na giza, wamtazame ndani ya jicho. Beba simu yenyewe, iwe na moto wa kutosha, na uwe umekwisha kuitenga picha ile mahali utakapoipata upesi mbele ya daktari.

Kwaherini.